Mashine ya Useremala ya Urithi, Mashine Mpya ya Kazi Nyingi, au Mashine Mojamoja: Ipi Ikufae?

Mashine ya useremala ya kazi nyingi inapotoka mikononi mwa babu hadi kwa mjukuu, kwa kawaida hufika bila kitabu cha maelezo, huku nusu ya vifaa vyake ikiwa ndani ya kisanduku cha mbao na nusu nyingine haijulikani iliko. Katika mwili wake mmoja mzito huwa kuna msumeno wa duara, randa ya kunyoosha uso, randa ya kusawazisha unene, mashine ya kuchonga kingo ambayo mafundi huiita spindo, na meza ndogo ya pembeni ya kutobolea matundu ya viungo. Mrithi ana njia tatu mbele yake: kuifufua ifanye kazi zote ilizokuwa ikifanya, kununua mashine mpya ya kazi nyingi, au kununua mashine mojamoja ambazo kila moja ina kazi yake. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ayapime anapoendelea kusoma: kwa warithi wengi jibu linalofaa halimo katika njia yoyote kati ya hizo tatu ikiwa peke yake, bali limo katika kuiachia mashine ya zamani kazi ya randa na ya kutoboa, na kuivua kabisa kazi ya msumeno.

Kwanza, urithi huo ni wa kizazi gani?

Mashine za zamani hazifanani, na ulinganisho wowote unaozichanganya zote humpotosha mnunuzi. Kuchonga mbao kwa mashine ni jambo la kale kiasi: Mwingereza Samuel Miller wa Southampton alipata hataza inayotaja msumeno wa duara mwaka 1777, na Samuel Bentham akapata hataza zake za mashine za mbao mwaka 1791 na 1793. Hata hivyo, mashine ambazo warithi wa leo wanaweza kukuta karakanani ni za baadaye sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Crescent ya Leetonia, jimboni Ohio, Marekani, ilikuwa ikiuza mashine moja iliyobeba msumeno wa mkanda, msumeno wa duara, randa, spindo na sehemu ya kutoboa. Mashine za kizazi hicho zilivutwa kwa mikanda bapa ya ngozi, na shafti zake zilizunguka juu ya babiti, yaani aloi laini ya bati, antimoni na shaba ambayo Isaac Babbitt aliibuni mwaka 1839.

Kizazi kinachofuata, hasa cha baada ya Vita Kuu ya Pili, kina mota yake ndani ya mwili, mikanda ya umbo la V na beringi za gololi. Pembeni mwa kizazi hiki lipo tawi jepesi, ambalo mfano wake unaojulikana zaidi ni Shopsmith ya Hans Goldschmidt, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1947 na inayotumia mota moja na shafti moja kwa msumeno, keezo ya kuchongea mbao za mviringo, sahani ya msasa na kutoboa. Aliyerithi mashine ya tawi hili jepesi ana swali dogo zaidi kuliko aliyerithi chuma cha nusu tani, kwa sababu anaweza kuihifadhi pembeni bila kupoteza nafasi. Sehemu kubwa ya ulinganisho huu inamhusu yule mwenye chuma kizito.

Kichwa cha visu ndicho kinachoamua

Mrithi anapoiona mashine kwa mara ya kwanza huvutiwa na meza zake pana na magurudumu yake ya kuzungushia. Ningemshauri apige magoti kwanza, achomoe umeme au avue mkanda, kisha atazame kichwa cha visu cha randa, yaani ile roli inayobeba visu katikati ya meza mbili. Kikiwa cha mraba, mjadala wa kuirejesha randa hiyo kazini ikiwa na kichwa hicho umekwisha hapo hapo. Kichwa cha mraba kinapozunguka huacha uwazi mkubwa kati ya pembe zake na midomo ya meza, hivyo kidole kikiteleza huvutwa ndani na hakirudi. Kichwa cha mviringo hujaza uwazi huo karibu wote, na ajali yake, ingawa ni mbaya, mara nyingi huishia kwenye ncha ya kidole. Uingereza ililiona jambo hili mapema sana, kwa kuwa kanuni zake za mashine za mbao za mwaka 1922 zilikataza kurandia kwa mkono juu ya mashine isiyo na kichwa cha mviringo. Hakuna kumbukumbu ya babu inayostahili kulipwa kwa kiganja. Kichwa cha mraba kinaweza kubadilishwa kwa kuchongesha kingine cha mviringo, lakini kazi hiyo ni ya fundi mitambo mwenye vipimo sahihi na mizani ya kusawazisha mzunguko, na gharama yake inaweza kukaribia ile ya randa nyingine iliyotumika.

Kichwa kikiwa cha mviringo, ulinganisho unaanza kuwa wa haki. Tuseme randa ya zamani ina visu viwili na inazunguka mara 3,000 kwa dakika, ilhali randa mpya ina visu vitatu na inazunguka mara 5,000. Ubao ukisukumwa mita 6 kwa dakika, ya zamani inakata mara 6,000, yaani alama moja kila milimita 1, na mpya inakata mara 15,000, yaani alama moja kila milimita 0.4. Macho yataiona tofauti hiyo, na mkono utaihisi. Lakini ubao ukisukumwa kwa nusu ya kasi kwenye randa ya zamani, alama zinakaribiana hadi nusu milimita, na kinachobaki kinaondolewa kwa msasa. Kwa anayetengeneza meza mbili kwa mwezi hilo si tatizo. Kwa anayeranda milango kila siku ni saa nzima zinazopotea, na hapo mashine mpya, hasa yenye kichwa cha viwembe vidogo vya kabidi vilivyopangwa kwa mzunguko, inaipita ya zamani bila ubishi. Viwembe hivyo vina faida nyingine: kimoja kikivunjika kwa msumari, kinageuzwa upande wa pili au kinabadilishwa peke yake, bila kuvua kisu kizima na kukisawazisha upya.

Katika unyoofu wa meza, hata hivyo, chuma cha zamani mara nyingi ndicho kinachoshinda. Chuma cha kusubu hufyonza mtikisiko, na uzito wake huifanya mashine itulie palepale ubao mzito unapoburuzwa juu yake. Mashine mpya za bei ya chini, ambazo mwili wake ni wa bati lililokunjwa, hupindika kidogo sakafu isipokuwa sawa, na mwenye nayo hubaki akishangaa kwa nini meza alizozinyoosha jana leo zimeacha kulingana. Weka rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili na upime uwazi wa chini yake kwa vibamba vyembamba vya kupimia. Uwazi wa sehemu moja ya kumi ya milimita katika urefu wa mita moja unavumilika kwa kazi za samani. Kutu ya juu juu isikutishe, kwani inaondoka kwa mafuta na sufi ya chuma. Ufa ndio wa kuogopa: ukiwa ukingoni mwa meza unaweza kuunganishwa na fundi anayejua kuchomelea chuma cha kusubu, lakini ukipita kwenye mfereji ambamo meza inapanda na kushuka, randa hiyo haitanyooka tena.

Beringi, nati na vipuri

Watu wengi huikataa mashine ya urithi wakisikia kwamba ina babiti. Mimi sioni kwamba hiyo ni sababu tosha. Babiti iliyokwanguliwa vizuri huzunguka kwa utulivu ambao beringi ya gololi iliyochoka haiufikii, na ikilika inaweza kuyeyushwa na kumiminwa upya mahali pake. Inachodai ni mafuta kila siku ya kazi, kabla ya kuwasha, na kasi isiyozidi ile iliyopangiwa. Mrithi mwenye tabia ya kuwasha kwanza na kufikiri baadaye atafanya vizuri zaidi na beringi zilizofungwa za mashine mpya.

Mashine ya kizazi cha gololi ni rahisi zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu vipimo vya beringi viliwekwa sawa duniani zamani. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe ilitengenezwa na nani na mwaka gani. Panguza grisi, soma namba, nenda kanunue. Kwa nati na bolti, tahadhari inahitajika. Mashine ya Uingereza ya zamani huenda ina hesi (mikato ya skrubu) za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo pembe yake ni nyuzi 55, ilhali za milimita ni nyuzi 60, hivyo bolti inayoelekea kuingia ikalazimishwa kwa spana itaharibu hesi ndani ya chuma ambacho huwezi kukinunua tena.

Vipuri vingine ndivyo vinavyoipa mashine mpya nguvu katika ulinganisho huu. Gia iliyong'oka jino, kiongozo cha randa (ukuta wa kuegemeza ubao) kilichopotea, au kishikio cha keekee cha meza ya kutobolea havipatikani dukani, na kila kimoja lazima kichongwe. Hapa niseme jambo dogo kuhusu ndugu. Katika mgawanyo wa urithi mmoja huchukua gurudumu la kurekebishia kimo kwa sababu linapendeza ukutani, mwingine huchukua kisanduku cha spana kwa sababu kina jina la mzee, na yule anayebaki na mwili wa mashine amerithi mzigo wa chuma. Mashine kama hiyo hurithiwa ikiwa nzima au hairithiwi.

Umeme

Mota nyingi za mashine nzito zinahitaji umeme wa njia tatu (fezi tatu). Mwenye umeme wa njia moja anaweza kutumia kibadilishi cha masafa, ambacho hupokea njia moja na kutoa tatu, na kwa faida ya ziada huiwasha mota taratibu. Kikwazo ni kwamba kibadilishi cha kawaida kinachopokea volti 230 kinatoa volti 230 hizo hizo, na mota iliyofungwa kwa mtindo wa nyota kwa ajili ya volti 400 lazima ifungwe upya kwa mtindo wa delta; nyota na delta ni namna mbili za kuunganisha nyaya za mota. Kama ncha sita za nyaya zinafika kwenye kisanduku cha mota, ni kazi ya dakika chache kwa fundi umeme. Kama zinafika tatu tu, fungo la nyota limezikwa ndani ya nyaya za mota, na fundi atapaswa kulichimbua au kukushauri ununue mota nyingine. Mashine mpya ndogo za kazi nyingi huuzwa pia zikiwa na mota za njia moja, na hapo hakuna la kujadili.

Waya zenye ganda la nguo au mpira mkavu zibadilishwe zote bila kujaribiwa. Rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu, kwa sababu huenda ina risasi, na bitana za breki za zamani zisiguswe ovyo, kwa sababu huenda zina asbesto. Kisha iwekwe swichi ambayo, umeme ukikatika, hujizima na kubaki imezimwa hata umeme ukirudi. Mashine mpya huja nayo. Ya zamani huenda ina swichi ya kisu au ya kupindua, hivyo umeme unaporudi ghafla randa huanza kuzunguka wakati mtu ameinama juu yake akitoa maranda.

Msumeno: mahali ambapo mashine ya zamani inashindwa

Nimesema mashine ya urithi ivuliwe kazi ya msumeno, na hizi ndizo sababu. Katika mashine nyingi za zamani diski ya msumeno haipandi wala kuinama, bali meza ndiyo inayopanda, kushuka na kulala. Ukitaka kupasua ubao kwa pembe, ubao mzima unalala mteremkoni na uzito wake unauvuta kuelekea kwenye diski au mbali nayo. Katika mashine mpya diski ndiyo inayoinama, meza inabaki tambarare, na kando yake ipo meza ya kuteleza inayoweza kubeba ubao mpana wa plaiwudi.

La pili ni bamba la nyuma ya diski, lile linalozuia mpasuo usijifunge na kuurusha ubao kifuani mwa fundi. Bamba hilo linapaswa kuwa nene kuliko mwili wa diski lakini jembamba kuliko mpasuo wenyewe, likae umbali usiozidi milimita 8 kutoka kwenye meno, na lipande na kushuka pamoja na diski. Katika mashine za zamani mara nyingi limepotea, au halikuwahi kuwepo, na kulitengeneza upya ni kazi inayodai uangalifu. La tatu ni diski yenyewe. Tundu la diski za Ulaya za leo kwa kawaida ni milimita 30 na la Marekani ni inchi 5/8, ilhali shafti ya zamani inaweza kuwa ya inchi moja au zaidi, hivyo mrithi huishia kutumia bushi za kubahatisha, yaani pete za kujazia tundu, au kukuta diski haiingii kabisa. La nne ni kusimama: mashine mpya zinazouzwa Ulaya hutakiwa kusimamisha diski ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa, wakati chuma kizito cha zamani huendelea kujizungukia kimya kimya, na kimya hicho ndicho kinachodanganya mkono.

Kuna na vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Randa hutoa maranda makubwa, na kofia ya bati yenye tundu la bomba la kufyonzea inaweza kutengenezwa kwa siku moja. Msumeno hutoa vumbi laini juu na chini ya meza, na mwili wa mashine ya zamani uko wazi kila upande, kwa hiyo bomba moja linafyonza hewa ya karakana zaidi ya vumbi. Ukijumlisha hayo yote, msumeno mpya wa meza, hata wa wastani, unaishinda mashine ya urithi kwa usalama kwa kiwango ambacho uzito wa chuma hauwezi kukifidia. Spindo ya zamani nayo iangaliwe kwa jicho hilohilo. Kama vichwa vyake ni vya kufungia visu kwa kubana tu, visitumike.

Mashine moja au mashine mojamoja

Linganisho hili linahusu mashine ya kazi nyingi ya umri wowote. Faida yake inajulikana: nafasi. Lakini nafasi ya mwili wa mashine si nafasi ya kazi, kwa maana ubao wa mita 2.5 unahitaji zaidi ya mita 5 za njia kuingia na kutoka, na njia hiyo ni ileile uwe na mashine moja au tano, ilimradi hizo tano ziwe juu ya magurudumu. Gharama yake iliyofichika ni mpangilio wa kazi. Kutoka kunyoosha uso hadi kusawazisha unene, kwenye mashine mpya, ni kuinua meza, kugeuza kofia ya vumbi na kupandisha kitanda, yaani dakika moja au mbili. Kwenye ya zamani huenda ukavua kiongozo, ukahamisha mkanda na kufunga nati nne. Kwa hiyo mwenye mashine ya kazi nyingi lazima arande mbao zote kabla ya kupasua yoyote, na akigundua baadaye kwamba mguu mmoja wa meza umepungua, anarudi nyuma na kupoteza vipimo vyote alivyoviweka.

Na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Mafundi wawili wanaoshirikiana wasidanganyike na uzuri wa mashine moja, kwani mmoja wao atakuwa akisubiri sehemu kubwa ya siku. Kwao mashine mojamoja ndilo jibu, hata zikiwa ndogo. Kwa fundi anayefanya kazi peke yake katika chumba kidogo na mwenye uwezo wa kulipia, mashine mpya ya kazi nyingi kutoka kwa watengenezaji kama Felder wa Austria, SCM wa Italia au Robland wa Ubelgiji ni chaguo la heshima, na asijilazimishe kufufua chuma cha babu kwa sababu ya haya. Kwa yule mwenye nafasi ya wastani, mashine ya urithi yenye kichwa cha mviringo, na subira ya miezi kadhaa, njia ya kati niliyoitaja mwanzoni inampa randa ambayo hangeweza kuinunua kwa fedha alizonazo. Kiasi kinachobaki kinanunua msumeno wa kisasa wenye bamba lake, kifuniko chake na bomba lake la vumbi. Shafti ya msumeno wa zamani ivuliwe mkanda, diski iondolewe, na tundu la meza lizibwe kwa ubao, ili siku moja mtu asiijaribu kwa udadisi.

Anayeamua kutoifufua asiiuze kipande kipande. Apige picha kila upande kabla ya kugusa nati yoyote, aweke alama mahali meza zilipokaa, aikusanye pamoja na kisanduku chake, spana zake na visu vyake vilivyofungwa kwa karatasi yenye mafuta, na wakati wa kuihamisha ainyanyue kwa mwili wake na si kwa meza. Mnunuzi anayezijua mashine hizi atafungua kisanduku kwanza, na atauliza kiko wapi kiongozo cha randa.